Kishikwambi Jukwaani na Daftari la Mzee

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Yamkini walikuwa wakiwafikiria wenye maduka, lakini sisi tulio katika vikundi vya nyimbo huku Oraba tumekwisha kuona kwamba neno hilo latuhusu na sisi. Wimbo nao ni mali. Usipoandikwa hupotea, na ukiandikwa vibaya hupotea vilevile, ila watu huchelewa zaidi kutambua.

Kwa msomaji asiyetujua, Oraba ni mji mdogo wa mpakani katika wilaya ya Koboko, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Ukianza safari Vurra, penye mpaka wa Kongo, ukapita Arua na Koboko, utamaliza kilomita zipatazo 92 za lami, kisha utasimamishwa na kizuizi cha forodha. Ng'ambo yake ni Kaya, Sudan Kusini. Katika mwendo huo usiotimiza nusu siku masikio yako yatakuwa yamepokea Kilugbara, Kikakwa, Kinubi, Kiarabu cha Juba, Kilingala, Kiingereza, na hiki Kiswahili kinachotuunganisha sokoni na garini.

Harusi ya huku basi haina lugha moja. Bwana arusi aweza kuwa Mkakwa wa Koboko, bibi arusi Mlugbara wa Maracha, wajomba wametoka Yei, na rafiki zao ni madereva wa malori wasiokubali kuondoka kabla hawajachezeshwa kwa Kilingala. Kila upande husubiri wimbo wake, na usipoimbwa hunung'unika mpaka chakula kiishe. Kikundi chetu kina waimbaji ishirini na wawili, magitaa mawili, adungu tatu na ngoma. Huitwa pia matangani, kanisani, na katika sherehe za Uhuru za tarehe 9 Oktoba. Hesabu mwenyewe, ndugu msomaji, beti ambazo mwimbaji apaswa kuzishika kichwani.

Kwa miaka mingi beti hizo zilishikwa na mtu mmoja. Kiongozi wetu ni mzee aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi, na nyimbo zake zimo katika daftari nene lenye jalada gumu alilolianza mwaka 1974. Nimezihesabu, ni nyimbo 118. Watu wa West Nile walipokimbilia Sudan na Zaire kutokana na vita vya 1979 na mapigano ya mwaka uliofuata, mzee alivuka mpaka na daftari hilo likiwa limefungwa kwa nailoni ndani ya gunia la mtama. Aliishi nalo uhamishoni mpaka aliporudi mwaka 1986. Sufuria ndizo zilizobaki nyumbani, na mkewe, kwa jinsi anavyosimulia, hakulisamehe upesi jambo hilo.

Tatizo lilianza machoni. Kwanza mzee aliliweka daftari mbali kidogo na uso, kisha mbali zaidi, hata mkono ukawa mfupi. Taa ya jioni ikawa haimtoshi. Mwaka juzi alituambia kwamba sasa atakaa safu ya nyuma, na vijana waongoze. Vijana wakaongoza zile walizozijua. Haikupita miezi sita tukajikuta tunazunguka katika nyimbo thelathini tu, zile zile kila Jumamosi. Nyimbo 118 zilikuwa zimegeuka 30 bila hata ukurasa mmoja kupotea.

Hapo ndipo lilipozuka wazo la kishikwambi.

Chombo chenyewe hakikuwa kigeni kabisa. Wengi wetu tulikiona kwa karibu mwezi wa Mei 2024, makarani wa sensa ya Uganda walipopita nyumba kwa nyumba wakigusa vioo badala ya kujaza makaratasi. Wenzetu wa Tanzania walikwisha kufanya hivyo katika sensa ya Agosti 2022, na baadaye vifaa vile wakagawiwa walimu. Habari ambayo, kwa mtu mwenye cheti cha ualimu kama mimi, ilinitia wivu kidogo. Jina la kishikwambi tumelichukua kwao. Sisi tulizoea kusema tableti, lakini siku nilipopendekeza katika mkutano wa kikundi kwamba tununue tableti, mzee aliniuliza kwa upole, "Na hiyo, Mwalimu, humezwa kabla ya chakula au baada?" Tangu siku hiyo jina likawa kishikwambi.

Akina mama waliuza maandazi na ufuta, wanaume wakachanga siku za soko, na baada ya miezi minne tukanunua kimoja huko Arua, kilichokwisha kutumika, chenye mkwaruzo pembeni mwa kioo. Upana wake ni wa inchi kumi. Yeyote anayefikiria kununua kwa kazi hii asikubali kushawishiwa achukue cha inchi saba kwa sababu ya bei. Kile ni simu iliyonenepa, na mwimbaji aliyesimama hatua moja nyuma yake hatasoma kitu.

Mzee hakufurahi. Alikigeuzageuza, akakirudisha mezani, akasema: "Kitabu changu kimevuka mpaka mara mbili. Hicho chenu kikianguka mara moja tu?" Sikuwa na jibu, na ni vema niseme kwamba mpaka leo swali lake halijajibiwa lote.

KIOO KINAPOZIMIKA

Mara ya kwanza kukipandisha jukwaani ilikuwa harusini. Nilikuwa nimesimama mbele na gitaa, mikono yote miwili ina kazi, kishikwambi kiko juu ya stendi ya mbao aliyoichonga mume wangu. Ubeti wa kwanza ulikwenda vizuri. Tulipokuwa katika kiitikio kioo kikafifia, kisha kikawa cheusi. Nikaacha nyuzi nikakigusa. Kikanidai namba ya siri. Nikaandika namba, vidole vyajasho vikakosea. Magitaa yalikuwa yakizunguka pale pale kama mbuzi aliyefungwa kwenye mti, na watu walikwisha kuanza kutazamana.

Sauti ikatoka safu ya nyuma. Mzee alikuwa ameushika ubeti wa pili, haoni kishikwambi wala daftari, haoni hata nyuso za watu vizuri, akaupeleka mpaka mwisho na sisi tukamfuata. Wageni walipiga vigelegele wakidhani tulipanga hivyo.

Kosa lilikuwa langu. Kishikwambi hutoka kiwandani kikiwa kimeagizwa kuzima kioo chake baada ya muda mfupi, wakati mwingine nusu dakika, ili kuhifadhi umeme. Mtu asomaye barua hukigusa mara kwa mara, kwa hiyo hakizimiki. Lakini mpiga gitaa hakigusi. Basi kabla ya kupanda jukwaani hapana budi kuingia katika mipangilio na kukiamuru kioo kisizimike kabisa, kisha kukiweka katika hali ya ndege ili simu na ujumbe visiingie kati ya ubeti, na kukizuia kisigeuze maandishi upande kila stendi inapotikiswa. Mambo hayo matatu huchukua dakika moja. Sisi tumeyaandika kwa wino kwenye mbao ya stendi.

Jua nalo lilitufundisha. Katika sherehe ya uwanjani, saa saba mchana, nilipotazama kioo niliona uso wangu, kilemba changu na tawi la mwembe, wala sikuona hata neno moja la wimbo. Kioo kinachong'aa chumbani hushindwa nguvu na jua letu. Afadhali zaidi ni maandishi meusi juu ya nafasi nyeupe, mwanga ukiwa umepandishwa hadi mwisho, na stendi imeinamishwa na kuwekwa kivulini. Usiku kinyume chake ni bora: maandishi meupe juu ya weusi, na mwanga mdogo, la sivyo uso wa mwimbaji humulikwa toka chini akawatisha watoto. Tena liko suala la joto. Kampuni ya Apple, kwa mfano, huandika kwamba iPad itumiwe mahali ambapo joto halizidi nyuzi 35. Huku kwetu, katika miezi ya kiangazi kuanzia Desemba mpaka Machi, kioo kilichoachwa juani hupita kiwango hicho upesi, na chombo hujizima chenyewe ili kisiungue. Mwenye chombo asikilaumu, akitafutie mwembe.

Kwa hiyo, msomaji atauliza, faida iko wapi? Na je, hao wakubwa wa ulimwengu hawapati taabu hizi? Wanazipata, ila wamezizoea. iPad ya kwanza iliuzwa Marekani mwezi wa Aprili 2010, na haikuchukua muda wanamuziki wakaipeleka jukwaani. Novemba 2012 okestra ya Brussels Philharmonic ya Ubelgiji iliweka kando karatasi zake ikapiga kwa kusoma kwenye vishikwambi vya Samsung. Viko hata vikanyagio visivyo na waya, ambavyo mpigaji hukanyaga kwa ncha ya kiatu na ukurasa ukafunguka. Sisi hatuna kikanyagio. Tumejifunza kuutosheleza wimbo katika ukurasa mmoja: kiitikio huandikwa mara moja tu, juu kabisa, na baada ya kila ubeti tunaweka neno "kiitikio". Kwa wimbo mrefu sana, dada wa sauti ya pili husogeza ukurasa kwa kidole wakati mimi napiga.

Lakini iko tofauti moja kubwa kati yetu na wale wa Brussels. Wao nota zao zilikwisha kuandikwa, kusahihishwa na kupigwa chapa, nyingine kwa zaidi ya miaka mia moja. Kazi yao ilikuwa kuzihamisha tu. Sisi kishikwambi kilipofika kilikuwa kitupu. Nani angeyaandika maneno?

KODI ISIYOLIPWA FORODHANI

Kabla ya maneno niseme kidogo juu ya kodi. Hapa mpakani neno hili huwashtua watu, maana kodi ni ile inayodaiwa pale kizuizini. Mpiga gitaa hulitumia kwa sauti tatu au zaidi zipigwazo pamoja ili kuushikilia wimbo. Aliyejifunza gitaa kwa kusikiliza hazihitaji zimeandikwa kwa wimbo anaoujua. Azihitaji kwa wimbo wa jirani.

Namna rahisi ya kuziandika ni kuiweka kodi katika mabano ya mraba, mbele ya silabi ile inapobadilika. Nitatoa mfano wa mstari nilioutunga kwa ajili ya kufundishia tu: [G]Karibuni nyumba[C]ni, tu[D]keti pamo[G]ja. Mtindo huu ulienezwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 na Martin Leclerc na Mario Dorion, waliotengeneza programu ya kompyuta kwa kazi hiyo, na mpaka leo programu nyingi za nyimbo huuelewa. Uzuri wake ni kwamba ni maandishi ya kawaida. Waweza kuyaandika hata kwenye simu ndogo, ukayatuma, na kishikwambi kikaziinua kodi juu ya maneno kwa rangi nyingine.

Programu hizo zina uwezo mwingine ambao ulitutia aibu. Mwimbaji akiona wimbo uko chini mno, hugusa alama, na kodi zote hupanda kwa mara moja: G inakuwa A, C inakuwa D, D inakuwa E. Siku moja tulifanya hivyo dakika tano kabla ya kuanza. Magitaa yakaanza katika A. Adungu zikaanza katika G.

Msomaji asiyeijua adungu naomba avumilie. Ni kinubi chenye shingo iliyopinda na mwili wa mti uliochimbwa na kuwambwa ngozi. Asili yake ni kwa ndugu zetu Waalur, lakini leo yapigwa West Nile nzima na katika shule nyingi za Uganda. Nyuzi zake kwa kawaida ni saba mpaka kumi, na kila uzi una sauti yake moja tu. Huwezi kubana uzi ukapata sauti nyingine kama kwenye gitaa. Adungu iliyokazwa ili do iwe G itabaki katika G mpaka mpigaji azungushe vigingi vyote, kimoja baada ya kingine, na adungu kubwa ya besi haiharakishwi. Kishikwambi hakijui hayo. Kilitengenezwa na watu waliofikiria gitaa na piano.

Dawa tuliipata mahali pasipotarajiwa. Juu ya kila wimbo katika daftari la mzee imeandikwa "Doh ni G", au "Doh ni F", na chini yake nota za solfa: d, r, m, f, s, l, t. Mtindo huu wa kufundisha kuimba uliasisiwa na Sarah Glover wa Norwich, Uingereza, ukaendelezwa na John Curwen katika karne ya 19, na wamisionari na walimu wakauleta Afrika. Mzee aliupata chuoni kama nilivyoupata mimi. Katika solfa, do ni do popote ilipo. Basi tumeacha kuandika G na C. Tunaandika 1, 4 na 5, yaani kodi ya kwanza, ya nne na ya tano kuhesabu toka do. Mpiga gitaa huigeuza kichwani mwake kwa ufunguo wa siku hiyo, na wa adungu hugusa nyuzi zilezile daima. Baadaye nilisoma kwamba wanamuziki wa Nashville, Marekani, nao huandika kodi kwa tarakimu hivyo hivyo tangu miaka ya 1950. Sikuona haya kwa kuchelewa.

Nota za solfa zenyewe nashauri msijaribu kuzichapa. Nukta zake na mistari yake ya kupima muda hukataa kupangika kwenye kioo. Pigeni picha ukurasa, picha ikae nyuma ya maneno.

MANENO YENYEWE

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo wengi hukosea. Vijana wawili wa kikundi walijitolea kuyanakili maneno ya daftari katika muda wa wiki mbili za likizo. Walifanya bidii. Walipomaliza nyimbo arobaini nilimsomea mzee ule wa kwanza wa Kikakwa. Alisikiliza kwa kichwa kilichoinama, kisha akauliza ni nani aliyetunga wimbo huo, kwa kuwa hakuwahi kuusikia.

Mambo mawili yalikuwa yametokea. Kwanza, kishikwambi kina tabia ya kusahihisha maneno kisiyoyajua. Kiingereza kinakijua, Kikakwa na Kilugbara hakivijui, hivyo kila neno lililofanana kidogo na la Kiingereza lilikuwa limegeuzwa kimyakimya. Herufi ŋ ya Kikakwa ilikuwa imekuwa n tupu, na ile alama ndogo iwekwayo mbele ya b na d katika lugha zetu hizi, ambayo hubadili sauti yenyewe ya herufi, ilikuwa imeachwa. Tabia hiyo ya kusahihisha huzimwa katika mipangilio ya baobonye, na izimwe kabla ya kuandika neno la kwanza. Pili, vijana walikuwa wamesoma mwandiko wa mwaka 1974 kwa macho tu. Kilugbara, kama kijulikanavyo, ni lugha ya toni: maneno mawili yaweza kuandikwa kwa herufi zilezile na kutofautiana kwa kupanda na kushuka kwa sauti. Karatasi haikuambii. Anayeujua wimbo ndiye anayekuambia.

Tulifuta zote arobaini. Vijana walinuna, nami nilinuna pamoja nao. Tukaanza upya kwa utaratibu wa mzee, ambao ni wa polepole mno: yeye anaimba ubeti, mmoja wetu anaandika, mwingine anamsomea alichokiandika, yeye anakubali au anakataa. Jumamosi moja hutupa nyimbo mbili, ikiwa hakuna msiba. Juu ya kila wimbo tunaandika jina la mtunzi, lugha, mahali ulikotoka na ufunguo.

Jina la mtunzi si urembo. Sheria ya hakimiliki ya Uganda ya mwaka 2006 inamlinda mtunzi, lakini sheria haiwezi kumlinda mtu asiyejulikana. Mtazame Malaika, wimbo uliovuma kwa sauti ya Fadhili William wa Kenya katika miaka ya 1960 na kuimbwa na wageni wa kila taifa. Mpaka leo watu hubishana kama aliyeutunga ni yeye au ni Adam Salim wa Tanzania. Na ukiyatafuta maneno yake mtandaoni utayakuta yameandikwa kwa namna nyingi zisizopatana, mengine na watu wasiojua hata neno moja la Kiswahili. Ikiwa wimbo mkubwa namna hiyo umepatwa na hayo, seuze wimbo wa mavuno wa Oraba.

Wapo watakaosema kwamba waimbaji wa zamani hawakuhitaji vioo. Ni kweli. Siti binti Saad wa Zanzibar hakujua kusoma wala kuandika, na hata hivyo mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay kurekodi nyimbo zake kwenye santuri, zote zikiwa kichwani. Namstahi sana. Lakini tumkumbuke pia fundi aliyeigeuza sauti yake santuri, na Shaaban Robert aliyeandika wasifu wake. Pasipo hao, wajukuu wangebaki na jina tu.

Nina shutuma moja kwa wenzangu wa umri wangu, nami nimo. Tangu tupate kishikwambi tumeanza kuimba tukikitazama kama watu wanaosoma tangazo. Bibi arusi yuko kushoto, sisi tunatazama stendi. Kuna jioni nilimwona mama mmoja matangani akisogea upande ili apate kuniona uso, nami nilikuwa nimeuficha nyuma ya kioo. Siku hizi tunakiweka chini, usawa wa kiuno, na kwa upande, hata kukisoma kunataka kuinamisha macho kwa makusudi. Mazoezini wiki ya mwisho hakiwashwi. Kazi yake jukwaani ni kutupa neno la kwanza la ubeti. Maneno yanayofuata huja yenyewe, au hayakujifunzwa.

NYUMBANI

Chombo cha kikundi lazima kilale nyumbani kwa mtu, nacho hulala kwangu. Yaliyonipata yatawapata na wengine. Usiku wa kuamkia harusi moja nilikiacha kikiwa kimejaa umeme. Asubuhi nilikikuta na asilimia tisa, na watoto wangu wawili wakiwa na macho mekundu ya watu waliotazama katuni mpaka usiku wa manane. Umeme ulikuwa umekatika. Tulimkimbilia jirani mwenye sola.

Sasa kina mfuko wa kitenge wenye pamba ndani, nilioushona mwenyewe, na namba ya siri wanayoijua watu wazima watatu. Hakiwekwi jikoni, maana moshi na mafuta huacha ukungu kwenye kioo, wala hakiwekwi juu ya televisheni, wala dirishani. Hufutwa kwa kitambaa laini kikavu. Vumbi letu jekundu ni kama msasa, kwa hiyo lipulizwe kwanza kabla ya kupangusa. Hujazwa umeme Ijumaa jioni. Na nyimbo zote zina nakala mbili nje yake: moja ndani ya simu ya mwekahazina, nyingine katika daftari jipya lililoandikwa kwa mkono, ambalo mzee ndiye alilolidai na ndiye anayelala nalo.

MACHO YA MZEE

Nimechelewa kusema lililotokea kwa mzee mwenyewe. Siku tulipomaliza wimbo wa kumi nilimkabidhi kishikwambi, nikaweka vidole viwili juu ya kioo na kuvitanua. Herufi zikakua. Nikavitanua tena. Zikawa kubwa kama za bango la dukani. Alinyamaza. Kisha akasoma, kwa sauti, bila kunyoosha mkono wala kukunja uso, mstari aliouandika yeye mwenyewe akiwa kijana na ambao kwa miaka mitatu alikuwa akiuona kama kundi la siafu.

Tangu hapo amerudi mbele. Anaongoza kwa mkono wa kulia, wa kushoto uko kwenye stendi, na kila baada ya ubeti huigusa kioo kwa kidole kimoja, kwa hadhari, kama mtu anayepima joto la pasi. Kama anasoma kweli sijui. Jumapili iliyopita kioo kilikuwa kimesimama kwenye wimbo mwingine kabisa, na hakuna aliyetambua isipokuwa mimi.

Tumekwisha kuandika nyimbo 71. Zilizobaki ni 47, na kati yake tisa zimo katika kurasa ambazo mchwa walizifikia huko Sudan, hazisomeki hata kwa mwenye macho mazima. Hizo anaziimba kutoka kichwani, mbili za mwanzo tumekwisha kuzirekodi. Ya tatu ameisahau ubeti wa mwisho. Amesema yuko mama mmoja ng'ambo, upande wa Kaya, waliyeimba naye kambini, ambaye huenda anaukumbuka. Jumamosi ijayo, mazoezi yakiahirishwa, tutavuka.